Picha na Daftari za Parokia katika Historia ya Fataki

Makala haya yanajadili jinsi picha za zamani na daftari za parokia zinavyoweza kutumiwa pamoja katika kuandika historia ya Fataki, mji mdogo wa eneo la Djugu, kaskazini ya Bunia. Suala hili si la kitaaluma tu. Fataki ilishambuliwa mwaka 2003, na ghasia zilizozuka tena Djugu mwishoni mwa 2017 ziliwahamisha watu wengi. Nyumba zinapochomwa, karatasi nazo huteketea. Na pasipo karatasi, kila upande hujitungia masimulizi yake kuhusu nani alitangulia katika ardhi.

Tuanze na picha. Nyingi za wakati wa utawala wa Wabelgiji zilipigwa na maofisa, wamisionari na wapigapicha wa serikali. Mara nyingi maelezo yake hutaja kabila, wala hayamtaji mtu. Mtindo huo uliafikiana na utawala wenyewe, kwani dikrii ya mwaka 1910 ilitaka kila mwenyeji ahesabiwe chini ya chifu wake. Kwa hiyo picha ni ithibati nzuri ya mavazi, ujenzi na mifugo, lakini ni ithibati dhaifu ya ukabila wa anayeonekana.

Daftari za parokia zina sifa nyingine. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka paroko aandike jina la mbatizwa, wazazi na wasimamizi wake, pamoja na siku na mahali. Baadaye ndoa yake iliongezwa humo humo. Mtafiti anaweza basi kuona nani alimsimamia mtoto wa nani, na nani alimwoa nani. Hata hivyo, majina yasomwe kwa hadhari. Wahema wa kaskazini, waitwao pia Wagegere, huzungumza Kilendu. Hivyo jina peke yake halitoshi kumtenga Mhema na Mlendu. Tena mwaka 1972 serikali ya Zaire iliwataka raia waache majina ya Kikristo, na mtu mmoja akaweza kuandikwa kwa majina mawili. Isitoshe, daftari hizo haziwahusu Waislamu, wala Waprotestanti wa misheni kama ile ya Rethy.

Je, daftari ikiungua? Sheria hiyo ya 1917 ilimtaka pia paroko apeleke nakala kwa ofisi ya askofu kila mwaka. Sehemu hizo zilikuwa chini ya prefektura ya Ziwa Albert tangu 1922, iliyofanywa vikariati mwaka 1933 na dayosisi ya Bunia mwaka 1959. Kwa hiyo mtafiti asihukumu kwamba kumbukumbu zimepotea kabla ya kuulizia Bunia, na kisha Roma, wanakohifadhi nyaraka zao Mapadri Weupe. Sheria mpya ya 1983 haikurudia sharti hilo kwa Kanisa zima. Matokeo yake ni kwamba daftari za karibuni, ambazo huenda hazina nakala, ndizo zilizo hatarini zaidi, nazo zastahili kunakiliwa kwanza.

Mwisho, picha zipelekwe kwa wazee wa Kihema na wa Kilendu, hata walio katika kambi za wakimbizi wa ndani, na majina watakayotaja yalinganishwe na daftari. Majina ya walio hai yasitangazwe bila idhini yao, maana orodha ya majina, katika nchi yenye vita, yaweza kugeuzwa silaha. Kazi hii haitamaliza ugomvi wa ardhi, lakini itaonyesha ni nani waliowahi kusimamiana na kuoana.