Franka Nyeusi za Zamani

Dola Huru ya Kongo (1885-1908) ilitoa mapesa ya feza: santimu 50, franka 1, 2 na 5, zenye miaka kati ya 1887 na 1896. Ile ya franka 5 ina gramu 25, na kwa sehemu 1000, 900 ni feza kweli. Leo nyingi ziko nyeusi, na watu wanazisugua na majivu ao ndimu. Juu ya nini? Ule weusi si uchafu. Salfa ya moshi na ya hewa imeshika feza; ukiisugua, unaondoa na feza yenyewe, na mununuzi mwenye kujua anashusha bei.

Tupime ndevu za Leopold II chini ya weusi. Kila unywele uko wazi? Wafaransa wanaandika SUP. Zimelainika kidogo, TTB. Kinabaki kivuli tu, B, hata ing'ae namna gani.

Tuishike kwa ukingo, tuifunge katika karatasi kavu isiyo na asidi. Mupira wa kufungia hapana: una salfa.

Tena, bankambo wengi wa bara walilipwa vitambaa na mitako, si feza hizi. Basi jamaa yenye kubaki na moja iulize wazee ilifika namna gani, na iandike jibu kwenye ile karatasi.