Mtawala Mkristo na Dini Yake



Niliulizwa swali Itaka, huko Mbozi katika Mkoa wa Songwe, nchi ya baridi na mibuni, mbali kabisa na bahari yetu. Wenyeji wa huko ni Wanyiha, Waislamu ni wachache, na kanisa la Moravian lina mizizi mirefu, kwani ni tangu mwaka 1899 ambapo mmisionari wa Kijerumani, Traugott Bachmann, alifungua kituo cha Mbozi. Baada ya sala ya alasiri mkulima mmoja wa kahawa, Mwislamu, alinisogelea akasema: "Sheikh, jirani yangu ni mzee wa kanisa, na sasa anataka udiwani. Amesema mbele za watu kuwa ataongoza kwa kuifuata dini yake. Je, nimpe kura yangu au nimkimbie?"

Najua wengi wenu, mlioko Lamu hata Kilwa, mngemjibu palepale: mkimbie. Sababu mnazo, nami nitazitaja mbele kidogo. Lakini mimi sikuweza kumjibu upesi, kwani swali hili ni la zamani kuliko Itaka na kuliko makanisa yote ya bara. Liliwafika maswahaba wa Mtume wetu (S.A.W.) wenyewe.

Wakumbuke waliohamia Uhabeshi, katika mwaka wa tano wa utume, yaani kiasi cha mwaka 615 kwa hesabu ya Kizungu. Walikuwa wanyonge waliokimbia mateso ya Makka, na mfalme wa nchi ile, Najashi, alikuwa Mkristo. Maquraishi wakawafuatia na wajumbe wawili, mmoja wao Amr bin al-As kabla hajasilimu, pamoja na zawadi za ngozi nzuri kwa mfalme na kwa wakubwa wa baraza lake. Wakubwa wakazipokea zawadi wakasema: watu hawa warudishwe kwao. Hiyo ndiyo iliyokuwa siasa ya busara, kama busara ni kutazama faida tu. Makka ni mji wa biashara, na hawa wageni hawana kitu.

Najashi akakataa kumtoa mtu kabla ya kumsikiliza. Akasimama Jaafar bin Abi Talib akaeleza, kisha akasoma mwanzo wa Surat Maryam, na mfalme akalia hata ndevu zake zikalowa. Wajumbe wakarudi na zawadi zao. Sasa nakuuliza wewe msomaji: Najashi alihukumu kwa nini siku ile? Alihukumu kwa imani iliyokuwa ndani ya kifua chake, na imani hiyo wakati ule ilikuwa ya Kikristo. Lau angeiacha imani mlangoni akaingia barazani na hesabu ya ngozi peke yake, wale wanyonge wangerudishwa kwa watesi wao. Basi sisi ndio watu wa mwisho kusema kuwa Mkristo akiingia katika hukumu na aivue dini yake kama kiatu.

Lakini Najashi ni mmoja, na wafalme ni wengi. Ndipo nikamwambia yule bwana wa Itaka kwamba haina haja kwenda mbali, kwani mifano iko jirani yake. Akifika Tunduma akavuka mpaka yuko Nakonde, Zambia. Akiishika barabara kuu ya Lusaka atapita njia ya Isoka, kisha ataikuta ya Chinsali. Wilaya hiyo moja ya Chinsali ilitoa majibu mawili ya swali lake, na yakagongana kwa damu.

Jibu la kwanza ni la Alice Lenshina, mwanamke wa kijiji cha Kasomo. Mwaka 1953 alitangaza kuwa amekufa na kurudi, na amepewa ujumbe. Akajitenga na misheni ya Lubwa aliyokuwa akisali, akaanzisha kanisa lake la Lumpa, na watu wakamfuata kwa maelfu. Yeye aliwaambia wafuasi wake wasijitie katika vyama: dini huku, siasa kule. Jibu la pili ni la Kenneth Kaunda, aliyezaliwa hapohapo Lubwa mwaka 1924. Baba yake, David Kaunda, alikuwa mhubiri aliyetoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Kaunda aliona kuwa Mkristo hana budi kuingia siasa, kwa sababu anayempenda jirani yake hawezi kumwona anadhulumiwa akanyamaza.

Nani alikuwa na haki? Ukitazama maneno, utampenda huyu au yule. Tazama yaliyotokea. Vijana wa chama cha UNIP waliwashurutisha watu wa Lumpa kununua kadi. Wale wakakataa, wakajenga vijiji vyao peke yao, chuki ikazidi kila upande, na watu wakauana. Julai 1964, miezi mitatu kabla ya uhuru, vita vikawaka, na Kaunda, aliyekuwa Waziri Mkuu, akapeleka askari. Walikufa watu zaidi ya 700. Askari waliwapiga watu waliokuwa wamefundishwa dini na misheni ileile iliyomlea yeye. Lenshina akawekwa kizuizini bila ya hukumu ya mahakama hata mwaka 1975. Yule aliyesema dini isiguse siasa, siasa ilimfuata mlangoni. Na yule aliyesema dini imwongoze katika siasa, ilipofika siku ya kuzuia mkono, mkono haukuzuilika.

Sisemi haya ili nimfute Kaunda. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, njia ya Zambia ya kwenda baharini iliingia mashakani, naye angeweza kunyamaza na shaba yake ikapita salama. Akachagua kuwapokea wapigania uhuru wa kusini, na nchi yake ikalipa gharama kubwa. Reli ya TAZARA ipitayo Vwawa na Mlowo, ambayo watu wa Itaka waijua vizuri, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ni alama ya uchaguzi huo. Hapo imani ya mtoto wa mhubiri ilimfanya avumilie hasara kwa ajili ya watu wasiokuwa wa dini yake wala wa nchi yake.

Kisha akaja wa tatu. Frederick Chiluba alimshinda Kaunda katika uchaguzi wa Oktoba 1991, na tarehe 29 Desemba mwaka uleule akatangaza kuwa Zambia ni taifa la Kikristo. Mwaka 1996 maneno hayo yakatiwa katika dibaji ya katiba. Sasa nisikilize vizuri, kwani hapa pana somo. Katiba ileile ya 1996 iliweka sharti kwamba mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia, na kwa sharti hilo Kaunda akafungiwa mlango. Yaani kitabu kimoja kilitangaza Ukristo wa nchi kwenye ukurasa wa mbele, na ndani yake kikamkataa mtu kwa sababu baba yake, aliyeileta Injili Chinsali, alitoka ng'ambo! Sijui kama waandishi wake waliliona hilo.

Na mwaka 2001 Chiluba alipotaka kipindi cha tatu kinyume cha katiba, waliosimama kumzuia, pamoja na mawakili na vyama vya akina mama, walikuwa maaskofu wa Kikatoliki na jumuiya za makanisa mengine. Mwezi wa Mei akaiacha azma yake. Wakristo kwa Wakristo: mmoja aliitaka dini impe kiti, wengine wakaitumia kumwambia ondoka, muda wako umekwisha.

Narudi kwetu, na sababu zenu nilizosema nitazitaja. Mwalimu Nyerere alibatizwa Mkatoliki mwaka 1943 na hakuificha dini yake. Mwaka 1970, huko New York, aliwaambia watawa wa Maryknoll kuwa kanisa lisiposimama na maskini katika kupinga yanayowadhulumu halina maana kwao. Lakini wazee wetu hawakusahau Sheikh Suleiman Takadir alivyofukuzwa TANU mwaka 1958, baada ya kuuliza Waislamu watakuwa na nafasi gani katika dola inayokuja. Wala hawakusahau Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilivyopigwa marufuku mwaka 1968. Uchungu ule ni wa kweli, na anayewaambia wausahau hawatendei haki. Pamoja na hayo, uadilifu wataka tuseme na hili: serikali yake ndiyo iliyozitwaa shule za misheni tangu mwaka 1970, shule za kanisa lake mwenyewe zikiwamo, na watoto wengi wa Kiislamu wakapata kuingia bila ya kuulizwa jina la ubatizo.

Na sisi tusijione malaika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 chini ya Sultani Mwislamu, Sayyid Barghash, na waliomshurutisha ni Waingereza. Qur'ani ilikuwa imetuhimiza kuwaacha huru watumwa zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Dini ilikuwa vinywani, na faida ilikuwa mikononi. Mwenyezi Mungu katika Surat an-Nisaa ametuamrisha tusimamie uadilifu hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu na wazazi wetu, na katika al-Maida akatukataza tusiache haki kwa kuwachukia watu. Kwa mizani hiyo nawapima Wakristo, na kwa hiyohiyo sisi tutapimwa.

Haya yote nilimweleza yule bwana wa Itaka, kwa ufupi kuliko nilivyowaandikia nyinyi. Nikamwambia: "Usiniulize jirani yako atasoma kitabu gani akiwa diwani. Nieleze wewe, umeishi naye miaka, je, dini yake imewahi kumzuia asifanye jambo lenye faida kwake, au kumfanya aseme neno lenye hasara kwake?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akanieleza kwamba msimu mmoja, katika chama chao cha msingi, mizani ya kahawa ilikuwa ikiwapunja wakulima, na mpimaji alikuwa ndugu wa mkewe yule mzee, tena wa kanisa lake. Yule mzee akasimama mkutanoni akayasema, na shemeji yake hakumsemesha mwaka mzima. "Nami," akasema, "nilikuwa miongoni mwa waliorudishiwa haki yao."

Nikamkumbusha Surat al-Mutaffifin, tukaisoma pamoja hadi magharibi ikaingia. Kura yake sikumuuliza ataipeleka wapi.