Walipimwa kwa Faida ya Nani?

Mwanaume wa Kibena aliyetaka kwenda Tanga miaka ya 1950 alianza safari kwa kuvua shati. Babu yangu mzaa baba alivua lake Njombe mjini, mbele ya karani wa SILABU na dresa mwenye mizani. Alipimwa uzito, akagongwagongwa kifuani, akatazamwa miguu kama ina vidonda. Alipoonekana anafaa alipewa blanketi, namba na nafasi ndani ya lori. Lori liliteremka hadi Makambako, pale barabara ya kwetu inapokutana na ile ya Iringa na Mbeya, likakata kulia. Miaka ikapita kabla hajaiona tena njia panda ile.

SILABU ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha vibarua, iliyoanzishwa mwaka 1944. Wilaya ya Njombe ya wakati huo, yenye Wabena, Wakinga na Wapangwa ndani yake, ilikuwa moja ya sehemu walizozitegemea sana. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na kwetu hapakuwa na kahawa wala pamba ya kuuza. Cha kuuza kilikuwa nguvu za vijana. Mashamba ya mkonge yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000, na majani hayo yaliiletea Tanganyika fedha nyingi za kigeni kuliko zao lingine lolote. Babu alikuwa mmoja wa hao, manamba, mwenye kipande mkononi kilichoandikwa siku zake za kazi mpaka zitimie 30.

Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilisomea Dodoma na nikastaafu hapa Makambako. Kwa hiyo habari za manamba nazisoma kwa jicho la kazi yangu. Nikikuta mtu anayesafiri amesimamishwa mbele ya mganga, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni nani aliyemtuma mganga yule, na majibu yanapelekwa kwa nani.

Kwa manamba jibu ni jepesi. Serikali ya Mwingereza ilianzisha Idara ya Kazi mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, na mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba namba 50, uliotaka kila kibarua anayeandikishwa achunguzwe na daktari. Sipuuzi faida yake. Watu wa nyanda za juu walioteremka pwani bila kuizoea malaria walikufa wengi, na kupimwa kuliwarudisha nyumbani baadhi ya wagonjwa ambao wasingefika mbali. Hata hivyo mizani ile ilikuwa ya mwajiri. Mwenye shamba aligharamia nauli, posho na blanketi. Alitaka kujua kama mkono anaoununua utakata mkonge.

Kuhusu kichwa cha mtu hapakuwa na swali, si wakati wa kuondoka wala wakati wa kurudi. Bibi alitusimulia kwamba babu aliporejea alikuwa akiamka usiku wa manane na kuketi kitandani akihesabu mistari ya mkonge kwa sauti, na ukimgusa anaruka kama amechomwa moto. Mchana alikuwa mtu mpole, analima viazi vyake, anakunywa ulanzi na wenzake. Watu walisema Tanga imemkalia kichwani, wakaishia hapo. Leo ningemwuliza kuhusu usingizi, ndoto, hofu, na kitu alichokiona huko ambacho hakukisema. Aliaga dunia kabla sijaanza masomo.

Nilipokuwa mwanafunzi nilijifunza jambo lililonikaa sana moyoni. Katika milima ya wilaya ya Korogwe, juu ya nchi ile ile ya mkonge, ipo Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo kongwe kuliko zote Afrika Mashariki. Wamisionari wa Kijerumani waliifungua kwanza kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Maelfu ya vijana wa kwetu walifanya kazi mabondeni, na waliokuwa na utaalamu wa kuwasikiliza walikuwa mlimani. Aliyepelekwa Lutindi ni yule aliyevuruga kazi au aliyefungwa kamba. Aliyeumia kimyakimya kama babu hakuwa na sababu ya kupandishwa huko.

Mara moja tu, katika habari zote za vibarua wa ukanda wetu, nimekuta akili ya mtu ikipimwa kwa utaratibu maalumu. Ni kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako WENELA, wakala wa migodi wa kuandikisha vibarua, ilikuwa ikipeleka watu kutoka nyanda za juu kusini, hasa upande wa Rungwe. Miaka ya 1950 taasisi ya utafiti iliyoongozwa na mwanasaikolojia Simon Biesheuvel ilitengeneza majaribio kwa ajili ya vibarua wapya. Kwa kuwa watu walitoka kila kona na hawakusikilizana lugha, maelekezo yalitolewa kwa filamu isiyo na sauti, na mtu akatakiwa kupanga vipande vya vitu jinsi alivyoonyeshwa. Aliyefanya vizuri alifikiriwa kwa usimamizi au kazi ya mashine. Aliyeshindwa alikwenda na sururu. Hakuulizwa amelalaje wala amemwacha nani nyumbani.

Naye Dk. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kimaumbile. Utafiti wake mwenyewe wa miaka ya 1940 ulikuwa umemwonyesha kwamba Waafrika wanaofanya kazi mbali na kwao waliugua zaidi kuliko waliobaki vijijini. Ukweli ulikuwa mezani kwake. Aliupita na kwenda kutafuta kosa ndani ya fuvu la mtu badala ya kulitafuta katika safari aliyosafirishwa. Nimesoma habari hizi nikiwa mtu mzima, na hasira yangu haijaisha.

Hali haikuwa hivyo Afrika peke yake. Kwenye kisiwa cha Ellis, mlango wa New York uliofunguliwa mwaka 1892, madaktari waliwatazama Wazungu maskini wakipandisha ngazi, na waliyemshuku akili wakamwandika X kwa chaki kwenye bega. Kwa miaka mingi, duniani kote, akili ya mgeni ilichunguzwa ili apatikane wa kurudishwa.

Mageuzi yalikuja polepole, na yaliletwa na watu waliokuwa wameona mateso kwa macho yao. Helen Bamber aliingia kambi ya Bergen-Belsen akiwa na umri wa miaka 20, mwaka 1945, kuwahudumia walionusurika. Miaka 40 baadaye alianzisha London taasisi ya kuwatibu waliopata mateso, na madaktari wake wakaanza kuandika taarifa za kupelekwa mbele ya mahakama za wakimbizi. Marekani, shirika la Physicians for Human Rights lilianzishwa mwaka 1986 na likajenga mtandao wa madaktari na wanasaikolojia wanaojitolea kuwachunguza waomba hifadhi. Mwaka 1999 wataalamu waliukabidhi Umoja wa Mataifa mwongozo unaojulikana kama Itifaki ya Istanbul, unaoeleza jinsi ya kuchunguza na kuandika alama za mateso, za mwilini na za akilini pia. Ulifanyiwa marekebisho mwaka 2022.

Kazi yenyewe ninaielewa kwa sababu nusu yake ilikuwa kazi yangu ya kila siku. Mwomba hifadhi anakaa na mtaalamu kwa saa kadhaa, mara nyingi pamoja na mkalimani. Anasimulia. Mtaalamu anauliza kuhusu ndoto mbaya, kushtukashtuka, kujitenga, mawazo ya kujiua. Anatazama makovu. Anaangalia pia kama mtu anaigiza, kwa maana wapo. Mwishoni anaandika hati ya kiapo. Hasemi kwamba habari ni kweli, maana hakuwepo. Anasema alichokiona kinalingana na habari hiyo, au kinalingana nayo sana, au hakilingani.

Faida kubwa iko kwenye kumbukumbu. Hakimu anamwona mtu aliyetaja Machi kwa polisi na Mei mahakamani, anahitimisha kwamba huyu ni mwongo. Mtu aliyebakwa au kuteswa hakumbuki kwa mpangilio wa kalenda. Anakumbuka harufu na rangi ya mlango, na tarehe zinamponyoka. Asipokuwepo wa kumweleza hakimu jambo hilo, ugonjwa wenyewe unageuka ushahidi dhidi ya mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika kesi za Marekani zilizofanyiwa uchunguzi na mtandao ule, asilimia 89 zilipata hifadhi, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 37.5. Ni kweli kwamba mawakili huchagua kesi zenye nguvu. Hata hivyo, pengo hilo ni kubwa.

Sasa turudi Makambako. Barabara aliyopita babu ndiyo wanayopita vijana wa Ethiopia kuelekea Afrika Kusini, wakivuka Kenya, wakiingia kwetu, wakielekea Tunduma au Kyela. Wanafichwa ndani ya malori ya mizigo. Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa mkoani Dodoma. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likiwa na maiti 64 na watu 14 walio hai. Wanaokamatwa upande wetu hufikishwa mahakamani kwa kuingia nchini bila kibali, wanatozwa faini au kufungwa, kisha wanarudishwa.

Niliwahi kuitwa kituo kimoja kumtazama kijana aliyekataa kula. Alikuwa amekaa na maiti wa wenzake ndani ya gari gizani. Sikuwa na mkalimani. Nilimshika mkono, nikampa uji, nikaandika mistari michache ambayo hakuna aliyeiomba. Kesho yake alisomewa mashtaka.

Najua wengi wao wanatafuta kazi, kama babu. Lakini miongoni mwao wamo wanaokimbia kuuawa, na pamoja nao wapo Wakongomani na Warundi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa ofisa, hata mtendaji wa kijiji, ndani ya siku 7. Marekani inatoa mwaka mzima, na bado ugonjwa wa akili unaweza kukubaliwa kuwa sababu ya kuchelewa. Sheria yetu ya Uhamiaji ya mwaka 1995, kwa upande wake, inamtaja mtu mwenye maradhi ya akili katika orodha ya wahamiaji waliopigwa marufuku. Tumeirithi chaki ya kisiwani, na bado hatujaupokea mwongozo wa Istanbul mahakamani.

Wataalamu tunao. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, kule Dodoma, imefundisha wauguzi kwa miongo, na hospitali za wilaya zina watu wa kitengo hiki. Nawaomba mahakimu wa mkoa wa Njombe, kabla ya kumsomea mashtaka mtu aliyetolewa ndani ya kontena, waagize aonwe na muuguzi wa afya ya akili akiwa na mkalimani, na taarifa yake iingizwe kwenye jalada. Nawaomba mawakili waidai. Nasi tuliostaafu, tukiitwa, tutakuja.