Miezi 6 ya dawa: namna ya kumsindikiza mgonjwa wa kifua kikuu

Kifua kikuu kinapona. Katika nchi yetu dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya afya vyenye huduma hiyo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (OMS) linaihesabu Kongo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Sisi wachungaji tunaona wagonjwa wanaoanza dawa vizuri, kisha wanaacha katikati ya njia. Ni nini kinachowaangusha, na kanisa lifanye nini?

Matibabu yenyewe

Kwa kifua kikuu cha kawaida, mtu mzima hunywa dawa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza ni dawa 4: rifampisini, izoniazidi, pirazinamidi na etambutoli. Miezi 4 inayobaki ni rifampisini na izoniazidi. Mkojo hugeuka rangi ya machungwa. Hiyo si hatari. Lakini macho yakiwa manjano, mgonjwa arudi kituoni siku hiyo hiyo.

Vizuizi

Kujisikia mzima. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, nguvu inarudi, na mtu anasema amepona. Vijidudu vingine vingali hai ndani yake. Akiacha dawa, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na rifampisini isiuweze tena.

Njaa. Mwili unapopata nafuu unadai chakula, na nyumbani hakuna fufu wala sombe.

Njia. Dawa ni bure, pikipiki si bure.

Vita. Mwaka wa 2025, vita ilipoingia Goma na Bukavu, familia nyingi zilikimbia. Anayekimbia bila dawa wala karatasi anakatiwa matibabu.

Aibu. Jirani anasema ni UKIMWI, mwingine anasema ni karuho, na mgonjwa anaanza kujificha.

Mafundisho mabaya. Wako wahubiri wanaomwambia mgonjwa atupe dawa kwa sababu ameombewa. Mgonjwa aombewe, na dawa anywe. Kituo ndicho kitakachopima na kusema amepona.

Misaada

Mgonjwa achague mtu mmoja anayemwamini, amwone akinywa dawa kila siku.

Mashemasi na kikundi cha wamama wapange zamu ya chakula, na kanisa litenge nauli ya kwenda kituoni.

Jina lake lisitajwe mbele ya kusanyiko bila ruhusa yake.

Asitengwe kwa sahani wala kikombe. Ugonjwa huu hupita hewani, kwa kukohoa, tufungue madirisha. Dawa zikifanya kazi, kwa kawaida baada ya majuma machache haambukizi tena. Muuguzi ndiye atakayethibitisha.

Wanaoishi naye wapimwe, hasa watoto wadogo.

Karatasi ya matibabu ikae pamoja na dawa, mahali pa kushika upesi. Akilazimika kukimbia, aionyeshe kwenye kituo cha kwanza chenye huduma ya kifua kikuu ili aendelee.

Tunaomba kila parokia iwe na shemasi mmoja wa kazi hii. Aangalie zaidi kuanzia mwezi wa 3: wakati huo mgonjwa anaonekana mzima, wageni wamepungua kumtembelea, na bado ana miezi 4 ya kunywa dawa.