Ulishaji wa farasi wa mashindano katika mazingira ya Kalemie

Ulishaji wa farasi wa mashindano ni kazi ya kumpa farasi wa mbio, wa kuruka viunzi au wa masafa marefu chakula kinachomjengea nguvu na pumzi bila kumharibia tumbo. Farasi ni mnyama wa nyasi. Jambo hili husahauliwa mapema, kwa maana mwenye farasi akitaka kasi hukimbilia ndoo ya mahindi. Kalemie, mji wa bandari mahali Mto Lukuga unapotoka Ziwa Tanganyika, ulioitwa Albertville hadi 1966, haukuwahi kuwa mji wa farasi. Hata hivyo mambo yanayomwangusha farasi wa mashindano yanaonekana hapa kwa ukali wake wote: mbung'o, joto, nyasi ndefu zenye madini machache na mahindi yaliyoota ukungu.

Mwili wa farasi ndio unaoamua chakula chake. Farasi wa kilo 500 ana mfuko wa tumbo wa lita 8 hadi 15 tu, na mfuko huo hutoa asidi usiku na mchana, awe anakula au hali. Mate yanayoipoza asidi hutoka anapotafuna tu. Ndiyo maana farasi anayefungwa zizini saa nyingi bila majani, kisha akaletewa nafaka kwa mikupuo miwili, hupata vidonda vya tumbo haraka. Ghala lake la nguvu liko nyuma, katika utumbo mpana unaobeba zaidi ya lita 100. Humo vijidudu huchachusha nyuzinyuzi za majani na kutoa asidi za mafuta ambazo mwili huzitumia taratibu, saa baada ya saa. Majani yaliyomo humo hushikilia pia maji na chumvi, na farasi wa safari ndefu huyachota njiani kama msafiri aliyebeba kibuyu chake.

Kwa hiyo majani hayapungui asilimia 1.5 ya uzito wa mwili kwa siku, yakipimwa yakiwa makavu. Kwa farasi wa kilo 500 ni kilo 7.5, na farasi wa masafa marefu hustahili zaidi. Nafaka huja juu ya majani, haichukui nafasi yake. Ina kazi yake kweli, kwani mbio fupi za kasi huendeshwa na glaikojeni, wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli, na farasi aliyeimaliza huhitaji siku 2 hadi 3 kuijaza upya. Kumshindilia nafaka baada ya mbio hakuharakishi kazi hiyo kama inavyokuwa kwa mwanariadha wa binadamu. Kinachofuata mara nyingi ni madhara: wanga ukizidi gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili katika mlo mmoja, sehemu yake hupita bila kumeng'enywa, huangukia utumbo mpana, huua vijidudu vya nyuzinyuzi na kuleta msokoto wa tumbo au uvimbe wa ndani ya kwato. Karibu asilimia 70 ya punje ya mahindi ni wanga. Tena ni nzito: kopo la mahindi lina nguvu karibu mara mbili ya kopo lilelile la oti. Anayepima kwa kopo badala ya mizani anaweza kumwumiza farasi huku akidhani anamtendea wema.

Stamina hujengwa zaidi kwa mafuta. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga, nayo haimtii farasi kichaa cha ghafla kinachowasumbua wapanda farasi. Mafuta ya mahindi au ya soya hupokewa vizuri. Huanza kwa vijiko vichache na kuongezwa kwa wiki 3 au zaidi, mpaka karibu nusu lita kwa siku kwa farasi mkubwa, pamoja na nyongeza ya vitamini E. Kando ya Ziwa Tanganyika mafuta yaliyo karibu ni mawese. Kwa hesabu ya nguvu hayako nyuma, ila farasi huchagua ladha, na anayeyajaribu aanze kwa kidogo sana.

Siku ya mashindano nafaka hutolewa saa 3 au 4 kabla, la sivyo damu hujaa sukari na insulini, na mwili huacha kuchoma mafuta pale unapoyahitaji. Majani kidogo hayakatazwi. Katika mbio za masafa marefu, zinazofika kilomita 160 na ambazo Oman na nchi jirani za Ghuba huzipenda sana, farasi hula majani katika kila kituo wakati daktari akisubiri mapigo ya moyo yashuke hadi 64 kwa dakika.

Katika joto farasi hutoa jasho lita 10 hadi 15 kwa saa, na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko la mtu. Kwa kuwa chumvi na maji hutoka pamoja, damu haizidi kuwa na chumvi, na farasi aliyekaukiwa anaweza kuyakataa maji. Hurudishiwa kiu yake kwa chumvi ya mezani kila siku na kwa maji yaliyo wazi muda wote. Chumvi bila maji ni hatari.

Kwa Kalemie, kabla ya kupanga mlo lazima mtu aulize kama farasi ataishi. Nagana, maradhi yanayoenezwa na mbung'o, humfanya farasi akonde, avimbe tumbo na miguu, damu ipungue, hata kama anakula vizuri. Anayeona mbavu na kuongeza mahindi anapoteza siku za matibabu. Damu ipimwe kwanza, na kinyesi kikaguliwe minyoo. Misafara ya zamani inaonyesha hatari hiyo. Msafiri Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 kuelekea Ujiji na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wote walikufa Kingaru, pwani ikiwa bado karibu, na alipompasua mmoja alikuta minyoo tumboni. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alituma tembo wanne wa India, wakashushwa Msasani chini ya Kapteni Carter, ili kuthibitisha kwamba hawaumizwi na mbung'o na wanaweza kuishi kwa majani ya njiani. Mbung'o hawakuwazuia. Hata hivyo walikufa mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akiwa amefika Karema, ng'ambo ya ziwa. Naamini somo lao linamhusu farasi moja kwa moja: majani yanayomtosha mnyama anayepumzika hayamtoshi anayebeba mzigo.

Nyasi za ukanda huu zina kasoro nyingine. Setaria, na hata nyasi za Guinea, zina oksaleti inayofunga chokaa tumboni. Mwenye farasi akiongeza pumba za mpunga au za mahindi, zilizojaa fosforasi, mifupa huanza kunyonywa chokaa, uso huvimba, na hatua huwa nzito kabla mtu hajajua kwa nini. Majani ya jamii ya kunde na chokaa ya kulisha mifugo husaidia.

Hatari kubwa kuliko zote iko ghalani. Mahindi yanapovunwa mvua haijakatika, ukungu wa fusari huota ndani ya punje na kutoa fumonisini, sumu inayoyeyusha ubongo wa farasi. Mnyama huzunguka ovyo, husukuma ukuta kwa kichwa, na mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Dawa hakuna. Haitoshi kuchambua punje zilizobadilika rangi na kulisha zilizobaki. Gunia zima huondolewa zizini, na mahindi ya farasi hukaushwa hadi unyevu usizidi asilimia 13 kabla ya kufungwa.