Gulio la Green River: Mtegaji, Tajiri na Wenye Nchi

Magharibi mwa jimbo la Wyoming, nchini Marekani, pale kijito cha Horse Creek kinapoingia katika Mto Green, kuna uwanda wa majani ambao kati ya 1833 na 1840 uligeuka gulio kubwa mara sita. Msafara wa farasi na nyumbu ulitoka Missouri na baruti, blanketi, kahawa, sukari, tumbaku na pombe kali, ukawakuta hapo wawindaji waliokaa milimani mwaka mzima wakitega biva, mnyama wa mitoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia za mabwana wa mijini. Hadithi na michoro vimempa mwindaji huyo sifa ya mtu huru kupita wote, asiye na bwana wala kodi. Lakini ukilitazama bonde hili kwa upande wa hesabu za biashara, sifa hiyo haisimami. Mtegaji wa Milima ya Rocky alikuwa kibarua wa soko la mbali, na nafasi aliyokuwa nayo ya kwenda atakako aliipata kwa wenyeji wa nchi.

Kazi hiyo ilianza kwa tangazo la ajira. Februari 1822 mfanyabiashara William Ashley alitangaza katika gazeti la St. Louis kwamba anataka vijana 100 wa kupanda Mto Missouri hadi chimbuko lake, nao wataajiriwa huko kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Mwaka uliofuata Waarikara, taifa la wenyeji wa huko, wakawashambulia watu wake mtoni na kuua zaidi ya kumi; njia ya maji ilipokuwa ya hatari hivyo, akaamua kupita nchi kavu. Julai 1825 alifanya gulio la kwanza karibu na Henrys Fork, tawi la mto huohuo wa Green, akarudi na ngozi za uzito wa karibu ratili 9,000, zenye thamani ya takriban dola 50,000. Halafu, mwaka 1826, akawauzia Jedediah Smith na wenzake wawili shughuli ya utegaji, yeye akabaki kuwaletea bidhaa. Hatua hiyo inaeleza mambo kuliko hadithi zote za mapambano na dubu: aliyeijua biashara hii kwa undani aliona kwamba faida iko kwenye kuuza baruti na kahawa. Bei za milimani zilikuwa mara kadhaa ya zile za St. Louis, na mnunuzi hakuwa na duka jingine. Aliyesimama ndani ya maji ya baridi kali kuzamisha mitego ya chuma, kabla ya mito kuganda na mara baada ya barafu kuyeyuka, aliweza kumaliza gulio akiwa na deni jipya.

Yuko atakayepinga kwamba si wote waliokuwa waajiriwa, kwa kuwa wengine walimiliki farasi na mitego yao na kumuuzia ngozi wamtakaye. Ni kweli, na tofauti hiyo ilikuwa na uzito kwao. Ila hata wao walipata risasi kwa mfanyabiashara yuleyule na kwa bei aliyoipanga. Mfano wenye nguvu zaidi kwa upande wa wapinzani ni James Beckwourth, aliyezaliwa Virginia na mama mtumwa, akaishi miaka kadhaa miongoni mwa Wacrow, taifa jingine la wenyeji, na kupata heshima ambayo Virginia isingempa kamwe. Heshima hiyo naichukulia kwa uzito wote. Lakini aliyempa ni Wacrow, na hata akiwa kwao alifanya biashara kwa niaba ya kampuni ya manyoya, American Fur Company. Wacrow haohao ndio waliomweleza Smith mwaka 1824 namna ya kuvuka milima kwa South Pass, njia ambayo vitabu vingi vimemwandikia yeye. Wanawake wa Kishoshone, Kiarapaho na wa mataifa mengine waliandaa ngozi, wakashona viatu, na ndoa zao ziliwafungulia wageni mlango wa ukoo. Kumwita mwanamume aliyelishwa na kuvishwa hivyo mpweke wa nyikani ni kuwadhulumu waliomwezesha kuishi.

Hata kutoweka kwa biva hakukuwa kosa la mtegaji peke yake. Kampuni ya Kiingereza ya Hudson's Bay iliagiza kwa makusudi nchi ya Mto Snake ikombwe biva wote, ili Wamarekani wasiwe na sababu ya kusogea mbele. Ulaya nako kofia za hariri zikachukua nafasi ya zile za manyoya, bei ikaanguka, na gulio la 1840 likawa la mwisho. Mtegaji Jim Bridger na wenzake wakageuka waongozaji wa magari ya kukokotwa ya walowezi, kwa njia zilezile walizoonyeshwa na wenyeji. Mwaka 1868, katika ngome yenye jina la Bridger, Washoshone wa Mashariki waliwekeana mkataba na serikali ya Marekani uliowatengea eneo la Wind River, upande wa pili wa milima. Bonde la Mto Green likabaki nje ya mipaka yao.