M-Pesa ilivyovuka mpaka: somo kutoka droo ya wakala

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa Kenya. Aprili 2008 Vodacom Tanzania ikaileta kwetu. Nyuma ya kampuni zote mbili yupo Vodafone wa Uingereza. Teknolojia ile ile, jina lile lile, na lugha tunaelewana. Basi ungetegemea matokeo yafanane. Baada ya miezi 14, Kenya ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 2.7. Tanzania, kwa muda kama huo, 280,000 hivi.

Wapo wanaosema Watanzania tulichelewa kuelewa. Hoja hiyo haina mashiko. Mtu wa Songea mwenye ndugu Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, alikuwa anapokea pesa kwa bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi. Shida ya kutuma pesa ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni mazingira yaliyoibeba huduma hii Kenya.

Kwanza, soko. Safaricom ilishika zaidi ya robo tatu ya wateja wa simu Kenya. Vodacom iliongoza hapa, lakini bila kufika nusu. Tigo, Celtel na Zantel nao walikuwa na watu wao. Ndugu yako akiwa mtandao mwingine, faida ya kujisajili inapungua.

Pili, utambulisho. Mkenya alijisajili kwa kitambulisho cha taifa. Sisi NIDA ilianzishwa 2008, na vitambulisho vikazinduliwa 2013. Ikabidi kadi ya mpiga kura na nyaraka nyingine zitumike.

Tatu, na hapa ndipo penye somo kubwa, mawakala. Vodacom ilianza kwa kutegemea wasambazaji wake wa vocha. Tatizo ni kwamba vocha husafiri upande mmoja: inatoka kwa msambazaji, inaishia kwa mteja. Pesa huenda na kurudi. Dar watu wanaweka, kwa hiyo wakala anaishiwa floti, yaani salio la kwenye simu. Songea watu wanatoa, droo inabaki tupu. Mteja akiambiwa mara mbili "pesa hamna", anarudi kwa kondakta.

Dawa ilipatikana hapa hapa. Vodacom ikaweka mawakala wakuu wa kuwapatia wadogo floti na fedha taslimu, ikatuma watu mitaani kutafuta na kufundisha mawakala wapya. Washindani nao wakaingia kwa kasi. Kufikia 2014, kwa takwimu za Benki ya Dunia, karibu mtu mzima 1 kati ya 3 nchini alikuwa na akaunti ya pesa kwenye simu.

Linganisha na Afrika Kusini, nyumbani kwa Vodacom yenyewe. M-Pesa ilizinduliwa huko 2010 kwa lengo la wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Ilifungwa 2016. Wengi tayari walikuwa na akaunti za benki, na bahasha ya kondakta haikuwa shida yao.

Kampuni mama inaweza kutoa mtaji, mitambo na jina. Lakini anayejua droo ya Songea inakauka lini ni wakala wa Songea. Na tukumbuke, hadi leo mtaji uliomo kwenye droo hiyo ni wake mwenyewe: ikiibiwa, hasara ni yake. Historia ya M-Pesa ikiandikwa bila yeye, imeandikwa nusu.